Mwana Kupona binti Msham: Mtunzi na Miaka ya Utendi Wake

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa katika kisiwa cha Pate, kwenye funguvisiwa la Lamu, yapata mwaka 1810. Aliolewa na mtawala wa Siyu aliyefahamika zaidi kwa lakabu ya Bwana Mataka. Maisha yao ya ndoa yalipita katika zama za vita. Bwana Mataka aliupinga utawala wa Sayyid Said wa Zanzibar, na katika miaka ya 1840 majeshi ya Sultani yalishindwa yalipoushambulia Siyu. Mji huo ulisalimu amri mwaka 1863, enzi ya Sayyid Majid.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, akamwacha mkewe mjane mwenye watoto wawili, Mwana Hashima na Muhammad. Miaka miwili baadaye, akiwa taabani kwa maradhi, Mwana Kupona alimwita bintiye aje na wino na karatasi, akamtungia utendi wa wasia. Humo alimfunza ibada, adabu, utunzaji wa mume na nyumba, na hisani kwa wahitaji. Kisha akaomba dua ya afya na ya kuwalinda jamaa zake. Inakisiwa kwamba alifariki yapata mwaka 1860.

Utendi huo uliendelea kunakiliwa kwa mkono katika hati za Kiarabu. Alice Werner aliuchapisha mwaka 1917, kisha akautoa tena pamoja na William Hichens mwaka 1934. J.W.T. Allen aliuingiza katika diwani yake ya tendi mwaka 1971, naye M.M. Mulokozi akauhariri katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu cha TUKI cha mwaka 1999.

Hapa ndipo penye mtego kwa mwanafunzi. Anayeorodhesha marejeleo kwa jina la mhariri na mwaka wa chapa pekee humfuta mtunzi, na huihamisha kazi ya 1858 hadi karne nyingine. Kosa hilo hupotosha hata uhakiki. Mawaidha ya utiifu kwa mume yakisomwa kana kwamba yalitungwa mwaka 1934, msomaji atayatafutia sababu katika Lamu ya ukoloni wa Mwingereza, ilhali yalitoka kinywani mwa mjane mgonjwa, aliyejua kwamba bintiye angebaki bila baba wala mama katika mji uliozingirwa na uhasama.

Inafaa basi jina la Mwana Kupona litangulie, mwaka wa utunzi uwekwe katika mabano ya mraba, ufuatwe na mwaka wa chapa iliyotumiwa, jina la mhariri na mchapishaji. Nambari za beti nazo zitolewe kwa kufuata chapa hiyohiyo, kwa kuwa miswada haikulingana. Kwa njia hiyo mhariri hupewa stahili yake, na mwana wa Pate hubaki na utendi wake.