Pierre Brichard, Mbelgiji aliyefuata samaki wa maporomoko

Katika mto Kongo kuna samaki ambaye kuelea kunamshinda. Akiacha kupiga mapezi tu, anashuka na kukaa juu ya jiwe. Si ugonjwa. Kibofu cha hewa kinachowasaidia samaki wengi kuelea, kwake kimebaki kidogo sana, kwa sababu anaishi kwenye maporomoko ya chini ya Kinshasa, na kule anayeelea anabebwa na maji. Wataalamu wanamwita Teleogramma brichardi. Hilo jina la pili linatoka kwa Pierre Brichard, na ndiye tunamuzungumzia leo.

Brichard alikuwa mfanyabiashara wa samaki wa mapambo. Miaka ya 1950, Kinshasa ikiwa bado Léopoldville, alikuwa anakusanya samaki hai katika Pool na kwenye maporomoko ya karibu, kisha anawatuma ng'ambo kwa watu wanaofuga samaki nyumbani katika sanduku la kioo, yaani akwariomu. Ile fasi si ya mchezo: toka Pool mpaka Matadi mto unashuka mita zaidi ya 250, maji yanakimbia katikati ya mawe na yanageuka geuka. Samaki wengine walifika kwa Max Poll, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 1959 Poll alitoa majina mawili ya kumuheshimu Brichard: huyo asiyeelea, na Synodontis brichardi, kambale mdogo mwenye mistari.

Hapo mimi inaniuma kidogo. Wavuvi wa mto walikuwa pale mbele ya biashara hiyo kuanza, lakini jina lililoingia katika vitabu ni la muuzaji. Hata hivyo, kazi aliifanya, na samaki hao walileta swali ambalo wafugaji wengi hawakuwa wamelifikiria: utawekaje mto ndani ya nyumba?

Kwanza sanduku liwe refu, si la kwenda juu, maana samaki huyu maji ya juu hana kazi nayo. Mawe yapangwe moja kwa moja juu ya kioo cha chini, ndipo mchanga umwagwe. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki watachimba na jiwe litaanguka. Mawe yetu ya volkano hapa Goma yanajenga kuta vizuri, lakini yanakata. Samaki anayetambaa kwa tumbo anataka jiwe la mtoni, laini. Kisha pampu isukume maji toka upande mmoja, na upande wa pili maji yaingie katika bomba linalopita chini ya mchanga na kurudi kwenye pampu. Hivyo maji yanaenda njia moja badala ya kuzunguka tu kama kwenye sufuria. Mdomo wa bomba unafungwa sponji ili watoto wa samaki wasivutwe. Nyuma ya mawe ubaki utulivu kidogo, kwani hata mtoni samaki anapumzika. Na kuran ikikatika? Mkondo unasimama, hewa inapungua katika maji. Wa Goma tunajua maana yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Brichard alihamia Bujumbura, karibu na pale Ruzizi inapoingiza katika Tanganyika maji yaliyotoka kwenye Kivu yetu. Aliacha mkondo, akaanza ziwa. Alifungua kampuni ya kuuza samaki nje na akaandika vitabu vikubwa viwili juu ya samaki wa Tanganyika, cha 1978 na cha 1989. Poll naye, mwaka 1974, alimpa jina samaki mwingine, ambaye leo anaitwa Neolamprologus brichardi: kwake wakubwa hawaondoki nyumbani, wanabaki kulinda wadogo zao. Huyo anafugwa katika akwariomu nyingi sana duniani.

Brichard alikufa mwaka 1990, mwaka mmoja tu nyuma ya kitabu chake cha mwisho. Familia yake iliendelea na kazi ya samaki Burundi. Na yule wa maporomoko wafugaji wa ng'ambo wanamzalisha hata leo: tumbo la jike linakuwa jekundu, anaingia chini ya jiwe na kutaga mayai kwenye dari ya pango lake, huku pampu inasukuma maji.