Mfalme Jerónimo wa Mombasa

Magofu ya Kunduchi, na makaburi yake ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina, yatukumbusha kuwa pwani yetu ilipenda uzuri wa ujenzi tangu kale. Siku hizo Ulaya nayo ilikuwa na mtindo wake, uitwao Baroko: makanisa ya dhahabu, nguzo zilizosokotwa, na sherehe za fahari kubwa. Mwana mmoja wa pwani hii alilelewa chini ya fahari hiyo, nasi twapenda kueleza habari zake.

Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wa mfalme wa Mombasa. Mwaka 1614 baba yake aliuawa kwa hila ya Wareno, naye akapelekwa Goa, Bara Hindi, angali mdogo. Huko Mapadre Waagustino walimsomesha na kumbatiza kwa jina la Jerónimo. Akawa baharia wa Wareno, akamwoa Isabel Varela. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kutawala.

Mwaka 1627 alimwandikia Baba Mtakatifu Urbano VIII kumpa utii. Papa huyo ndiye aliyelitabaruku Kanisa jipya la Mtakatifu Petro mwaka 1626, ambamo fundi Bernini alikuwa akisimamisha nguzo kubwa za shaba juu ya altare. Roma ilikuwa katika utukufu wake. Lakini Mombasa mfalme alikuwa akidharauliwa na jemadari wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa.

Jemadari akaambiwa kwamba mfalme husali Kiislamu kaburini kwa baba yake. Mfalme naye akahofu kupelekwa Goa kuhukumiwa. Mwezi wa Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, aliingia Ngome ya Yesu na watu wake, akamwua jemadari. Aliurudia Uislamu, na Wakristo karibu 300 wakauawa, Waafrika kwa Wareno, wanawake na watoto. Jamaa yake mwenyewe, António, alikataa kuikana imani, akafa.

Wareno walimzingira mwaka 1632 wasimweze. Kisha akaiacha ngome, akatangatanga baharini mpaka alipofariki Jeddah mwaka 1638.

Dhuluma aliyotendewa haihalalishi damu ya wasio na hatia. Walakini nasi tusisahau: waliompa yatima ubatizo, elimu na taji walimnyima haki ya baba yake. Dhahabu ya altare haiwezi kulipa deni la namna hiyo.