Maisha ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, na Maneno Yaliyopita juu ya Visa vya Qurani

 

Mtu wa pwani akipanda milima ya Usambara, akapita Lushoto na kuzidi kwenda juu hata Shume, huona nchi ya baridi na ukungu, yenye msitu mkubwa na mashamba ya viazi na mboga. Na katika vijiji vya milima hiyo msikiti na kanisa la Kilutheri havikai mbalimbali sana, kwani wamisheni wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891, na Uislamu nao ulipanda huko kwa miguu ya wafanya biashara na walimu waliotoka pwani. Basi kisa cha Nabii Nuhu na safina yake husimuliwa nyumba hii na nyumba ile. Kijana wa skuli akisikia huku na huku, haachi kuuliza: je, mambo haya yalikuwa, au ni mifano iliyopigwa ili watu wapate mazingatio?

Swali la namna hii si geni kwa Washambaa. Wao wana kisa cha Mbegha, yule mwindaji wa Ngulu aliyetanguliza kuota meno ya juu akaogopwa kuwa ni kigego, akakimbia nchi yake, akaja Usambara na nyama ya mawindo, akaua simba, akafanywa mfalme. Kisa hicho kiliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika Habari za Wakilindi. Wenye elimu ya tarehe wamekigeuza huku na huku, na wako wasemao kuwa simba na nyama ni alama za ufalme, si khabari ya mnyama aliyeuawa siku fulani. Mzozo huo haumpunguzii mtu imani, maana Mbegha si mtume wala kitabu cha Abdallah bin Hemedi si wahyi. Likija swali hilo hilo juu ya Qurani, mizani ni nyingine. Na mtu wa Afrika ya Mashariki aliyelazimika kulijibu kwa Kiswahili, neno baada ya neno, tangu Alhamdu hata Kul audhu birabbinnasi, ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy.

Alizaliwa Unguja mjini mwaka 1912, katika zama ambazo mji ule ulijaa madarasa, na mtu akitoka kwa mwalimu huyu hupita mlango wa pili akaingia kwa mwingine. Alisoma Qurani utotoni, kisha akakaa mbele ya wanavyuoni wakubwa, miongoni mwao Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmed bin Sumeit, aliyekuwa kadhi wa Unguja. Wakati huo huo akaingia skuli ya serikali, akasomea ualimu, akawa mwalimu. Jambo hili la pili si dogo. Wanavyuoni wengi wa rika lake waliwajua wanafunzi wa msikitini tu. Yeye kila asubuhi alikuwa mbele ya watoto wa skuli waliosoma hesabu na jiografia, nao huuliza yale ambayo mwanafunzi wa msikitini hayaulizi, au huyaogopa.

Alikuwa na hafidha kubwa na pupa ya vitabu. Aliandika maisha ya Mtume, akaandika na khabari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, kitabu ambacho hata leo mwenye kutaka kujua nani alisoma kwa nani Unguja, Lamu, Mombasa na Ngazija hana budi kukirejea. Sauti yake ikajulikana pia kwa njia ya redio ya Unguja, hata watu wasiopata kumwona uso walimjua kwa maneno yake.

Sasa katika siku zake Qurani kwa Kiswahili ilikuwa imekwisha kufasiriwa, walakini si kwa mikono ambayo Waislamu wa pwani waliiridhia. Ya kwanza ilitoka mwaka 1923, kazi ya Godfrey Dale, padri wa misheni ya UMCA aliyekaa Unguja. Na makusudi yake hayakufichwa, kwani iliandikwa ili wahubiri wa Kikristo wapate kujadiliana na Waislamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mwenye gazeti la Al-Islah, akaanza tafsiri yake, akafa mwaka 1947 hajaimaliza. Kisha mwaka 1953 ikatoka Nairobi tafsiri ya Jamaa ya Ahmadiyya, iliyosimamiwa na Sheikh Mubarak Ahmad, ambaye alikuja Afrika ya Mashariki kutoka Bara Hindi mwaka 1934. Katika waliomsaidia alikuwamo Amri Abedi wa Ujiji, malenga, ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya Tanganyika.

Ilipotoka tafsiri hii ndipo maneno yalipokuwa mengi. Khitilafu kubwa ya Waislamu wengine na Maahmadiyya ni juu ya utume baada ya Mtume Muhammad, na hiyo inajulikana. Lakini iko khitilafu ya pili, ambayo ndiyo inayoingia katika khabari hii, nayo ni namna ya kusoma visa. Mafundisho ya Ahmadiyya hupendelea kuvitoa visa vingi vya ajabu katika dhahiri yake. Kwao, chungu aliyesema katika bonde wakati wa jeshi la Nabii Suleiman si mdudu, bali ni mtu wa kabila lililoitwa Naml. Hudihudi aliyeleta khabari za malkia wa Sabaa si ndege, ni mtu mwenye jina hilo. Majini waliomtumikia Suleiman ni watu wa mataifa ya mbali. Na ndege aliowafanya Nabii Isa kwa udongo ni watu waliokuwa chini kama udongo, akawapulizia roho ya uongofu wakaruka juu kwa ibada.

Haifai kuwadhulumu kwa kusema kwamba walifanya hivi kwa mchezo. Hoja yao ilikuwa kwamba Mwenyezi Mungu havunji kanuni alizoziweka mwenyewe katika viumbe, na kwamba lugha ya Kiarabu ina majazi, yaani neno kutumika kwa maana isiyokuwa ya asili yake, kama Mswahili amwitavyo mtu shujaa simba. Tena waliwahofia vijana wa skuli, wasije wakacheka na kutoka katika dini. Hofu hiyo Sheikh Abdallah aliijua sana, kwani vijana hao alikuwa nao yeye.

Na jambo lilizidi kuwa zito kwa sababu mlango huu haukufunguliwa na Ahmadiyya peke yao. Misri, nchi ambayo wanavyuoni wa islahi wa pwani yetu waliitazama kama kioo, Sheikh Muhammad Abduh, aliyefariki mwaka 1905, alisema katika tafsiri yake ya Juzuu Amma kwamba yamkini wale ndege walioliangamiza jeshi la ndovu ni wadudu kama mbu au nzi waliobeba vijidudu vya maradhi. Mwaka 1926 Taha Husayn akaandika maneno juu ya Ibrahimu na Ismaili yaliyoitikisa Cairo nzima, hata akashitakiwa. Na mwaka 1947, ndio mwaka aliofariki Sheikh Al-Amin, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Fuad, Muhammad Ahmad Khalafallah, alileta risala ya udaktari akisema visa vya Qurani vilikuja kwa njia ya fasihi, ili kuzigusa nyoyo, wala si lazima vipimwe kwa kipimo cha tarehe. Risala yake ikakataliwa, na mwalimu wake Amin al-Khuli akapata taabu kwa ajili yake. Hivyo Sheikh Abdallah, ambaye mwenyewe alikuwa msomaji wa vitabu vya islahi vya Misri, hakuweza kusema kuwa jambo hili ni uzushi wa mtu wa mbali. Lilikuwa limo ndani ya rafu zake.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa pwani hana budi kulipima. Mwalimu wa darsa akisomesha tafsiri kwa Kiarabu huweza kupita. Husoma neno naml, akataja kauli mbili tatu za wafasiri, akasema Mungu ndiye ajuaye zaidi, watu wakanywa kahawa wakaondoka. Mwenye kufasiri kwa Kiswahili hana nafasi hiyo. Sharti aandike neno moja. Ataandika chungu, au ataandika mtu wa Naml. Na akisha kuandika, kitabu hupanda gari, kikafika Shume na Lukozi na Mlalo, mahali ambapo msomaji huenda hana mwanachuoni wa karibu wa kumwuliza. Neno lile moja ndilo litakalokuwa Qurani kwake.

Sheikh Abdallah akaandika chungu. Aliandika hivyo si kwa kukosa kujua majazi, maana Qurani yenyewe hupiga mifano na hutaja waziwazi kwamba inapiga mfano: mfano wa neno jema na mti mwema, mfano wa watu wawili na bustani, mfano wa nuru na taa. Kanuni aliyoifuata ni ile ya wanavyuoni wa zamani, ambayo Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliieleza kwa urefu: neno hubaki katika dhahiri yake mpaka ije dalili ya kulitoa humo, na ugeni wa jambo si dalili. Mahali Mwenyezi Mungu aliposema ni mfano, ni mfano. Mahali aliposimulia kuwa ni khabari, ni khabari, na mwenye kuumba chungu hashindwi kumfahamisha Nabii wake sauti ya chungu. Tena makafiri wa Makka walidai kuwa visa hivi ni ngano za watu wa kale, na Qurani iliwajibu na kuwakanusha. Basi Mwislamu atakaposema ni ngano zenye mafunzo, amejikuta amesimama upande usio wake bila ya kukusudia. Jawabu la Khalafallah lilikuwa kwamba yeye hakusema ni uwongo, alisema ni sanaa. Na katika Kiarabu cha wasomi tofauti hiyo yaweza kufahamika. Katika Kiswahili cha barazani haifahamiki. Hadithi isiyokuwa, ni hadithi tu.

Walakini kanuni hiyo ina ncha mbili, na sheikh hakuificha ncha ya pili. Mwenye kushika dhahiri ya Qurani hana ruhusa kuiongeza. Wasimulizi wa pwani, na wa kila nchi, hupenda kukijaza kisa: jina la mbwa wa watu wa pangoni, urefu wa safina, rangi ya nyoka wa Musa, na mengine yaliyotoka kwa Mayahudi wa kale yakaingia katika vitabu. Qurani inapofika kwenye idadi ya vijana wa pangoni huzitaja kauli za watu, kisha humrudishia Mungu ujuzi wake, na humkataza Mtume asishindane nao kwa hilo ila kwa mashindano ya juu juu. Sheikh Abdallah alikuwa mkali sana juu ya masimulizi yasiyo na asili, yawe ya Mitume au ya fadhila za mwezi fulani, na ukali huo ulimpatia maadui wengi kuliko ule wa Maahmadiyya. Mtu ukimwambia jirani yake kakosea hufurahi. Ukimwambia kisa alichosimuliwa na babu yake hakina asili, huona amevunjiwa nyumba.

Kalamu yake haikuwa laini. Katika dibaji na maelezo ya tafsiri yake aliwajibu Dale na Ahmadiyya kwa maneno makali, na pengine makali kuliko haja ya hoja, kwani hoja ilikuwa na nguvu za kutosha. Amri Abedi alifariki mwaka 1964, akiwa bado kijana, na wapenda Kiswahili wa madhehebu yote walimlilia.

Tafsiri ya sheikh ilianza kutoka kwa vipande vipande Unguja, watu wakivinunua juzuu baada ya juzuu. Mwaka 1960 akawa kadhi wa Unguja. Yakaja mapinduzi ya 1964; akakaa katika kazi yake kwa muda, kisha mwaka 1967 akahama kwenda Kenya, na baada yake akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo. Huko ndiko kazi ilikotimia: mwaka 1969 Qurani Takatifu ilipigwa chapa nzima na Islamic Foundation ya Nairobi, Kiarabu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na maelezo chini yake. Imepigwa chapa tena mara nyingi, na nuskha zake huonekana katika misikiti ya bara kama ya pwani.

Alishika ukadhi zaidi ya miaka kumi. Alipostaafu akaenda Omani kwa jamaa zake, akafariki Maskati mwaka 1982, umri wake miaka 70. Mwenyezi Mungu amrehemu.