Samuel Insull na Bei ya Stima

Neno stima, ambalo sisi Wakenya tunalitumia kwa maana ya nguvu za umeme, hapo zamani lilikuwa jina la meli iendeshwayo kwa mvuke. Wanafunzi wangu wa isimu huuliza jinsi jina la chombo cha majini lilivyopanda juu ya nguzo. Mimi hudhani kwamba mvuke ndio daraja, maana mitambo mingi ya umeme ya siku za mwanzo ilizungushwa kwa mvuke. Swali lililo zito zaidi ni jinsi nguvu hizo zilivyotoka katika majumba ya matajiri zikaingia katika nyumba za akina yahe. Hapo hatuna budi kumtaja Samuel Insull.

Alizaliwa London mwaka wa 1859 katika jamaa isiyo na mali. Akajifunza hati mkato, akaajiriwa na wakala wa Thomas Edison mjini humo, na mwaka wa 1881, akiwa na umri wa miaka 21, akavuka bahari kwenda New York kuwa katibu wa Edison mwenyewe. Edison alikuwa mvumbuzi, hesabu zilimchosha. Insull alizipenda. Mwaka wa 1892 aliacha mshahara wa dola 36,000 kwa mwaka akaenda Chicago kuongoza kampuni ndogo iliyomlipa dola 12,000. Mji ule ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja, ilhali wateja wa kampuni hiyo walikuwa wapatao 5,000 tu.

Wakati huo umeme ulikuwa anasa, na wenye kampuni waliridhika uwe hivyo. Insull aliona jambo ambalo wenzake hawakulitia maanani. Umeme hauwekwi ghalani kama mahindi. Sharti uzalishwe saa ileile unayotumika. Kwa hiyo mtambo ulionunuliwa kwa ajili ya taa za jioni hukaa bure mchana kutwa, na riba ya mkopo ulioununua hailali. Dawa yake ni kumtafuta mteja wa saa nyingine: kiwanda cha mchana, treni za mjini za asubuhi na jioni, watengenezaji barafu wa majira ya joto. Alipozuru Uingereza mwaka wa 1894 aliona mjini Brighton mita iliyopima si kiasi cha umeme tu, bali pia kilele cha matumizi ya mteja, akaichukua fikira hiyo. Akapunguza bei tena na tena, na kila alipoipunguza wateja wakaongezeka. Mwaka wa 1903 alisimamisha katika Mtaa wa Fisk mtambo wa mvuke wa kilowati 5,000, ukubwa ambao hata waliomtengenezea waliuogopa.

Mwaka wa 1898 aliwashangaza wenzake zaidi. Aliwaambia wenye kampuni za umeme wakubali bei zao zipangwe na tume za serikali, nao wapewe ukiritimba katika maeneo yao. Wengine walidhani amewasaliti. La hasha! Alijua kwamba nyaya za kampuni tatu katika njia moja ni hasara ambayo hatimaye hulipwa na mteja, na kwamba mwenye ukiritimba asiyesimamiwa atanyang'anywa na wananchi siku moja. Majimbo mengi ya Marekani yaliufuata mfumo huo.

Laiti angekomea hapo. Kuanzia mwaka wa 1912 aliunda kampuni mama zilizomiliki kampuni nyingine, na juu yake akaweka nyingine tena, hata mwenye hisa chache za juu akaweza kuamrisha mitambo ya majimbo zaidi ya 30. Tume ya jimbo ilikagua bei ya umeme wa jimbo lake, lakini karatasi zilizopita juu ya mipaka ya majimbo hazikuwa na mkaguzi. Wafanyakazi wake walihimizwa kuwauzia majirani hisa, na watu wa kawaida wakaweka humo akiba zao za uzeeni. Mdororo wa uchumi ulipoanza mwaka wa 1929 aliendelea kukopa. Mwaka wa 1932 jengo lote la karatasi likaporomoka, na mamia ya maelfu ya wenye hisa wakapoteza mali yao.

Taa za Chicago hazikuzimika. Jambo hilo hunifikirisha kuliko mengine yote ya maisha yake. Mitambo ilikuwa mizima, wateja walikuwepo, na kazi aliyoifanya kwa miaka 40 ilisimama. Kilichoanguka ni madeni yaliyorundikwa juu yake.

Insull alikimbilia Ugiriki, akakamatwa Istanbul mwaka wa 1934 na kurudishwa Marekani. Mahakama ilimwachilia huru, na mimi naona baraza la wazee lilihukumu sawa, kwani mwenyewe alifilisika pamoja na waliomwamini. Mwezi wa Julai 1938 alianguka akafa kwa ugonjwa wa moyo katika kituo cha treni za chini ya ardhi jijini Paris.

Sheria ya mwaka wa 1935 ilizibana kampuni mama za umeme nchini Marekani. Ilifutwa mwaka wa 2005, miaka minne tu baada ya kampuni ya Enron kufilisika kwa mtindo ambao Insull angeutambua. Wakulima nao, ambao takriban tisa kati ya kumi hawakuwa na umeme, walifikiwa na vyama vya ushirika vilivyokopeshwa na serikali, maana hesabu za kampuni hazikuwaona.

Nasi tuligawanya shirika letu. Mwaka wa 1997 uzalishaji ulitengwa na usambazaji, na wazalishaji wa kibinafsi wakaingia kwa mikataba ya miaka mingi. Mwalimu anunuapo tokeni leo huona katika risiti ada ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni na tozo ya umeme wa mashambani. Hiyo ya mwisho naielewa na kuilipa kwa moyo mmoja. Nyingine hutegemea mikataba ambayo kwa miaka mingi mwananchi hakuonyeshwa, na tume inayopanga bei haina budi kuichambua hadharani, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kumwongezea mteja hata senti moja.