Codd: Mwanahisabati aliyezipatanisha orodha ndani ya tarakilishi

EDGAR Frank Codd, ambaye fikra zake hutumika kila benki inapotafuta akaunti ya mteja, alizaliwa Agosti 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza.

Alisomea hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia akawa rubani wa jeshi la angani la nchi yake. Mnamo 1948 alihamia Marekani na kuajiriwa na kampuni ya IBM.

Hata hivyo, kampeni ya Seneta Joseph McCarthy ya kuwaandama walioshukiwa kuwa wakomunisti ilimchukiza hata akahamia Canada mwaka wa 1953. Baadaye alirejea, na mnamo 1965 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Michigan.

Enzi hizo, data katika tarakilishi ilifungwa kama mnyororo. Aliyetaka habari hata ndogo alihitaji mtaalamu wa kuandika programu ya kuufuata mnyororo huo pingili kwa pingili. Mpangilio ulipobadilishwa, programu nayo iliweza kukwama.

Mwaka wa 1970, akiwa katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, Codd alichapisha makala akipendekeza data ipangwe katika majedwali, na kila jedwali lichukuliwe kuwa seti ya kihisabati. Kwa kuwa jibu la kila swali nalo ni jedwali, majibu mawili yenye safu zinazolingana yangeweza kujumlishwa, kulinganishwa au kutolewa moja kutoka kwa jingine.

Tuchukue mfano wa mwajiri mwenye orodha mbili za nambari za vitambulisho: ya wanaolipwa mishahara na ya wanaofika kazini. Muungano wake huleta kila nambari iliyomo katika orodha yoyote, mara moja tu. Makutano yake huleta zilizo katika orodha zote mbili.

Orodha ya pili ikiondolewa katika ya kwanza, hubaki wanaolipwa bila kuonekana kazini. Hapo ndipo wafanyakazi hewa hunaswa. Utaratibu ukigeuzwa, hubaki wanaotoa jasho bila malipo.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa, lakini Codd hakutunzwa upesi. IBM ilikuwa ikichuma pesa nyingi kutokana na mfumo wake wa zamani, hivyo ikajikokota. Mnamo 1979 kampuni ya Larry Ellison, ambayo baadaye iliitwa Oracle, iliitangulia sokoni kwa bidhaa iliyojengwa juu ya fikra hizo hizo.

Hata lugha ya SQL, iliyobuniwa na wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, haikumridhisha. Iliruhusu mstari mmoja kujirudia katika jedwali, ilhali katika seti kila kitu huhesabiwa mara moja. Kwake, hilo halikuwa jambo dogo: mstari unaojirudia huweza kuharibu hesabu nzima.

Codd alitunukiwa Tuzo ya Turing, heshima kuu katika sayansi ya tarakilishi, mwaka wa 1981. Aliaga dunia Aprili 2003 katika jimbo la Florida, akiwa na umri wa miaka 79. Lugha ambayo hakuacha kuikosoa ndiyo iliyoeneza kazi yake kote duniani.