Dkt Dalton: Tabibu aliyeyapa jina maumivu ya kabla ya hedhi

KUUMWA kichwa, kujaa matiti, moyo kwenda mbio na hasira zisizo na sababu ni masaibu ambayo wanawake wengi hukumbana nayo siku chache kabla ya hedhi. Kwa karne nyingi, waliolalamika waliambiwa wavumilie. Aliyewalazimisha madaktari kuwasikiliza ni Dkt Katharina Dalton.

Alizaliwa London, Uingereza, mnamo Novemba 1916. Mwanzoni alikuwa mtaalamu wa maradhi ya miguu. Mume wake wa kwanza aliuawa vitani mwaka wa 1942, naye baadaye akasomea udaktari na kufuzu mwaka wa 1948.

Alipokuwa mjamzito, alitambua kwamba kipandauso kilichomtesa kila mwezi kilikuwa kimetoweka. Akashuku homoni ya projesteroni, ambayo huongezeka wakati wa ujauzito. Mwaka wa 1953, yeye na Dkt Raymond Greene walichapisha makala iliyozipa dalili hizo jina moja la kitabibu. Baadaye alianzisha kliniki ya tatizo hilo katika hospitali ya University College, London.

Miaka ya 1980 ilipoanza, alitoa ushahidi mahakamani kuwatetea wanawake walioshtakiwa kwa mauaji. Baadhi ya watetezi wa wanawake walimlaumu, wakihofia kwamba wanawake wote wangeonekana hawawezi kuaminiwa na kazi.

Tiba yake ya projesteroni nayo haikuthibitishwa na majaribio yaliyofuata. Sasa inaaminika kwamba shida haitokani na upungufu wa homoni, bali ubongo kuathirika upesi homoni zinapopanda na kushuka. Mwaka wa 2007, watafiti wa Japani walieleza kuwa mfumo wa neva unaoendesha moyo na tumbo bila hiari pia hulegea kwa wenye dalili kali.

Hata hivyo, jambo moja alilosisitiza limedumu: mgonjwa aandike tarehe za dalili zake. Hadi leo, madaktari hutaka kumbukumbu za miezi miwili kabla ya kuthibitisha tatizo.

Dalton alifariki Septemba 2004, mwaka ule ule Kenya ilipoondoa ushuru wa sodo. Kwa mwanamke wa Muyeye, Malindi, anayekwenda zahanati, urithi wake hauna gharama: kalenda, kalamu na haki ya kusikilizwa.