Bwana Schumacher na Kazi ya Mikono
Napenda kuwasimulieni habari za Bwana E. F. Schumacher, mtaalamu wa uchumi. Alizaliwa Bonn, Ujerumani, mwaka 1911, akasoma Oxford. Mwaka 1937 alihamia Uingereza kwa kuuchukia utawala wa Hitler. Vita vilipokuja, Waingereza walimtia kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani. Alipofunguliwa akafanya kibarua shambani. Msomi mzima akashika jembe! Naona huko alijifunza mengi kuliko chuoni, ijapokuwa wenzangu bwenini wanabisha.

Mwaka 1955 alikwenda Burma kuishauri serikali. Baadaye, mwaka 1966, aliandika juu ya uchumi wa Kibudha. Tajiri huhesabu mshahara kuwa hasara, naye mfanyakazi huhesabu kazi kuwa mzigo. Bali kwa Mbudha, alisema, kazi humkuza mtu, humzoeza kushirikiana na wenziwe, tena humpa riziki. Basi chombo kinachomsaidia fundi ni chema; mashine inayomnyang'anya kazi yake si njema.

Alifariki mwaka 1977, akiwa safarini nchini Uswisi. Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tukipalilia mahindi ya shule, nilimkumbuka sana. Hata hivyo mgongo uliniuma vile vile.